Mwalimu Aliyeiongezea Dunia Miaka Kumi

Ninian Dalgleish alikuwa mwalimu wetu hapa Balfinnan, Uskoti, enzi ambazo aliyejua kugawanya alitazamwa kama mchawi. Aliwahi kupima urefu wa mnara wa kanisa kwa kivuli chake. Wazee wa kanisa wakamkalisha kwenye kiti cha toba Jumapili tatu, kwa kudai kujua kimo cha kitu asichokipanda.

Majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, Mchungaji Gilbert Mutch alitangaza kuwa amepiga hesabu za Ufunuo, na dunia ingekwisha Alhamisi ya kwanza ya Agosti. Tulifurahi ajabu. Hakuna aliyelima. Ng'ombe wakachinjwa, mapaa yaliyovuja yakaachwa yavuje.

Ninian akaomba kuziona karatasi za hesabu hizo. Akazisoma amesimama palepale mlangoni.

"Mchungaji, hapa saba na tano ni kumi na mbili. Umeandika mbili, ile moja hukuibeba."

"Kwa hiyo?"

"Dunia ina miaka kumi zaidi."

"Mwalimu, nimeshachinja dume langu. Nyamaza."

Hakunyamaza. Elspet Tulloch, jirani yake, ndiye aliyekasirika zaidi.

"Wewe nani utunyime kiama? Mimi nimeshamwambia mama mkwe yote yaliyokuwa moyoni."

Ninian na mkewe Marion wakapanda shayiri peke yao. Tulipita tukiwacheka.

"Mwalimu, mtavunia jehanamu?"

"Si kuna moto huko?" Marion akajibu bila kuinua kichwa. "Tutaoka mkate."

Alhamisi ikafika. Tulisimama kilimani na nguo zetu nzuri, mvua ikatunyeshea kama ilivyotunyeshea Jumatano. Jioni Elspet akarudi nyumbani, akamkuta mama mkwe jikoni, anamngoja.

Jumapili Mchungaji akahubiri kwamba maombi yake yametupatia miaka kumi. Tukalia kwa shukrani. Kisha wazee wakamwita Ninian: nani alimtobolea siri ya Mungu?

"Nilijumlisha tu."

"Ndivyo wanavyosema wachawi wote," akasema mzee mmoja, na Ninian akafungiwa mnarani siku tisa.

Baridi ilipokuja, ghala lenye nafaka lilikuwa moja tu, la Ninian. Tulikwenda na mabakuli yetu. Alimpimia kila mtu sawasawa, hakusimanga. Elspet akasema kipimo chake kimepunjwa.

Mchungaji alikuja mwisho, bakuli mkononi na karatasi mpya kwapani.

"Mwalimu, hii ungeipitia kabla sijaitangaza?"

Marion alimkazia macho mumewe. Ninian alishaketi, kalamu mkononi, uji wake ukipoa.