Mzinga wa Ganda la Roketi

Lile bomba lililochukua macho ya shemeji yangu lilikuwa jepesi mno. Nililinyanyua kwa mkono mmoja, mjukuu yuko mgongoni. Wepesi huo ndio uliotudanganya. Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, ila hapa siyaandiki.

Ilikuwa miaka ya tisini, ng'ambo ya ziwa watu wanapigana. Mchuuzi wa dagaa alilileta hadi kwetu Ugalla, akalibadilisha kwa asali. Hakujua ni kitu gani. Mume wangu, mrina asali, alilipiga nyundo, nyundo ikaruka. Halikubonyea hata kidogo.

"Huu ni mzinga tayari," akasema. "Tuzibe tu huku na huku."

Mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa mpanda miti wetu, akacheka. "Afadhali! Mizinga yako ya mninga imenimaliza mgongo, kaka. Huu hata shemeji anaupandisha."

"Panda wewe, mimi nipike," nikamjibu.

Kwetu mzinga mpya hautundikwi kabla ya kufukizwa nta, ili nyuki wavutwe na harufu. Ndani ya bomba mlikuwa na ukoko mweusi, kama sufuria iliyoungulia. Mume wangu alitaka aukwangue kwanza.

"Acheni nyie," nikasema, "moshi utausafisha."

Kaa la moto nililileta mimi, kwa mkono huu. Shemeji akainama kuchungulia kama nta imeanza kuyeyuka.

Hapakuwa na mlio mkubwa. Mwanga mweupe, mvumo, basi. Adhuhuri ile, jua la kuchoma, naye ananiuliza, "Shemeji, mbona pamekuwa giza?"

Hospitali ya Mpanda hawakuweza kitu. Askari aliyekuja kulichukua bomba alisema ni ganda la roketi, na ule ukoko ni mabaki ya baruti yake. Wataalamu huchanganya metali nyepesi na nyuzi ngumu kuliko chuma, ili roketi ifike mbali na ganda livumilie moto wa ndani. Nililikagua lote. Halikuwa na ufa hata mmoja.

Shemeji aliishi kwetu mpaka alipofariki. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Aliomba jambo moja tu: "Ukitaka kuwasha moto, niambie kwanza."

Sasa niko peke yangu. Nikishika kiberiti nasema kwa sauti, "Shemeji, nawasha." Kisha nangoja kidogo, aseme, "Haya."