Kachumbari Iliyokuja na Mama Mdogo

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza, uliwahi kulia kwa sababu bakuli la mboga limerudi nyumbani na mboga ndani? Mimi nililia. Nililia sana, na mpaka leo nikisikia harufu ya mgagani unachemka, ile harufu kali inayokaa kwenye nguo mpaka ufue, nakuwa tena kale katoto kenye kanga ya kufungia shingoni, nimesimama mlangoni kwa mama na bakuli zito mikononi. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa kwangu. Nasimulia kama ninavyokumbuka. Kwetu ni upande wa Sengerema. Ukishuka kwenye kivuko cha Kamanga unatembea, ziwa liko mkono wa kulia, unapita mashamba ya pamba na mihogo, unafika. Mgagani ulikuwa unaota wenyewe pale zizini kwenye mbolea, hakuna aliyeupanda, na mama yangu alikuwa anajulikana kwa mgagani. Anauchemsha, anamwaga maji yale machungu, anauweka kwenye chungu na maziwa, kesho yake anautia karanga za kutwanga. Ukiula na ugali wa udaga, ule wa mihogo, unasahau kama una shida.

Sasa lazima nikwambie kuhusu shikome, usije ukapotea njiani. Sisi Wasukuma tuna moto wa wanaume, unawashwa uwanjani karibu na zizi, jua likianza kuzama. Hapo anakaa baba, anakaa baba mkubwa Masanja ambaye ni kaka yake, wanakaa na wageni kama wapo. Huo moto ndio shikome. Wanawake wanapika kwenye nyumba zao, chakula kinapelekwa pale na sisi mabinti, tunapiga magoti, tunaweka, tunaondoka. Kama mwanaume ana wake wawili, yanafika mabakuli mawili. Kila mtu anamega ugali wake anachovya anapotaka. Hakuna anayesema mboga ya huyu tamu, ya yule mbaya, hiyo ni aibu, mwanaume mzima huwezi kusema hivyo. Lakini wakimaliza, sisi tunaenda kuchukua vyombo. Na bakuli ndilo linasema. Likirudi jeupe, limepanguswa mpaka na kidole, mama mwenye bakuli analala anaimba. Likirudi na mboga, basi tena.

Miaka yote bakuli la mama lilikuwa linarudi jeupe, maana lilikuwa peke yake. Halafu baba akavuka ziwa kwenda Ukerewe, akarudi na mke. Jina lake Tereza, sisi watoto tukaambiwa tumwite mama mdogo. Alishuka kwenye mtumbwi, mwanamke mwembamba, mrefu, anacheka na kila mtu, na mzigo wake mkubwa haukuwa nguo, ulikuwa gunia la ndimu. Mama aliliangalia lile gunia, akaniambia, "Kabula, mtu anakuja kuolewa na matunda ya kikohozi." Nilicheka kwa sababu mama alitaka nicheke. Lakini nilikuwa nimeshaona vile baba alivyolibeba lile gunia mwenyewe kutoka ziwani, baba yangu ambaye hata jembe lake alikuwa anabebewa.

Wiki ile ile mama mdogo akafanya kitu ambacho hakijawahi kufanyika kwetu. Akaenda shamba la pamba, akachuma matango, yale ya kwetu ya duara, ambayo sisi watoto tulikuwa tunayapasulia magotini tukichoka kupalilia. Akachuma na vile vinyanya vidogo vinavyoota jalalani. Akakatakata vyote vibichi, na kitunguu na majani yake, akakamulia ndimu, akatia pilipili, akaweka kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, akapeleka shikome. Mbichi. Mbele ya wanaume wazima. Bibi mmoja jirani alikuja mpaka jikoni kwetu kumwambia mama, "Mwenzio analisha watu kama mbuzi." Mama akafurahi, akampa kigoda akae wasubiri wote wawili. Siku hiyo mama alikuwa ametia karanga nyingi kuliko siku zote. Mimi nikaenda kuchukua vyombo. Bakuli la maua mekundu lilikuwa jeupe, baba mkubwa Masanja alikuwa amelinyanyua anamalizia matone ya mwisho ya ndimu, ana jasho la pilipili kipara kizima. Letu lilikuwa na mgagani nusu. Ule utando wa mafuta ya karanga juu yake haujaguswa hata upande mmoja.

Ndiyo nikasimama pale mlangoni. Nikaanza kulia, mama akanipokea bakuli. Yule bibi jirani akaaga haraka. Na mimi nikaanza kumchukia mama mdogo, lakini chuki yenyewe ilikuwa mbaya kwa sababu nilikuwa naitamani ile kachumbari mpaka mate yanajaa. Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Kucheka kwake, vidole vyake vinavyokata kitunguu bila yeye kutoka machozi, lile bakuli lake lenye maua. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba yake nikanusa ndimu, nikirudi nyumbani nanawa pua, mama asije akainusa kwangu. Akiniita, "Kabula, mwanangu, njoo uonje," nasema nimeshiba. Njaa inauma, nasema nimeshiba. Wivu wa mtoto ni kitu kibaya jamani, hauna pa kuupeleka.

Bakuli letu likaendelea kurudi na mboga. Mama akabadilisha, akapika majani ya maboga, akapika mlenda, akapika kunde zile zilizokaushwa juani ambazo huwa tunaziweka kwa ajili ya kiangazi. Zinarudi. Siku moja akakaa chini akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongelea mvua, "Likirudi tena hivi, mimi naenda kwetu Buchosa. Wewe utabaki, mtoto ni wa baba. Utambebea Tereza bakuli lake." Nilikuwa najua mama hatanii, mama yangu alikuwa haongei kitu mara mbili. Kanga zake alikuwa ameshazikunja juu ya kitanda.

Kesho yake, nikitoka kuchota maji nikamkuta anakata kitu. Ameweka tango, ameweka vinyanya, na sasa anakata mgagani. Mbichi. Nikamwambia, "Mama, huo haujachemshwa." Akasema, "Nina macho." Akili yake ilikuwa kwamba kama wanaume hawa siku hizi wanapenda vibichi, basi atachanganya kile walichokizoea na kile wanachokitamani, ambwage mwenzie kwa mkono mmoja. Ndimu hana. Kwenda kuomba ndimu kwa mama mdogo, bora afe. Akachukua ukwaju wetu wa kutilia uji, akauloweka, akauminya humo. Sasa wewe kama umewahi kutafuna jani la mgagani bichi unajua ule uchungu unavyoingia mpaka nyuma ya masikio. Ongezea na ukwaju. Nikalibeba lile bakuli nikapiga magoti, nikaweka, nikajificha nyuma ya uzio nione.

Baba mkubwa Masanja ndiye alianza. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Jicho moja likafumba lenyewe. Akauliza, "Leo Mama Kabula ametupa dawa ya minyoo?" Mgeni mmoja aliyekuwepo akasema, "Labda minyoo tunayo." Basi wakacheka, jamani, walicheka wakajishika mbavu, ng'ombe wakanyanyua vichwa zizini. Baba peke yake hakucheka. Alichovya tena, akala, akachovya tena, uso umekunjamana kama anayevutwa jino. Lakini kicheko kilikuwa kimeshafika jikoni. Niliporudi mama alikuwa anafunga kanga zake kwenye furushi, fundo halikai.

Halafu mlango ukawa giza, mama mdogo amesimama. Mama akamwambia bila kugeuka, "Umekuja kucheka, cheka."

"Nimekuja kula, dada," mama mdogo akasema. "Ule mgagani wako wa maziwa umebaki?"

Mama akageuka. Mama mdogo akaingia, akakaa chini kwenye vumbi, hata kigoda hakungoja, akaanza kusema. Kumbe huyu mtu na yeye alikuwa na yake. Kumbe baba akiwa nyumbani kwake, kila asubuhi anamuuliza kwa nini mgagani wake mchungu, kwa nini hauwi kama wa nyumba kubwa. Amepika akamwaga, amepika akamwaga, sufuria nzima nzima anazimwaga gizani ili tusione. "Kachumbari wanaila kwa sababu ni ngeni," akasema. "Wakishaizoea mimi nitakuwa na nini? Ninyi harufu ya chungu chenu inakuja mpaka kitandani kwangu, nalala nimefunika uso." Na mimi nilikuwa nanawa pua kwa ajili ya ndimu zake. Mtu tuliyemwonea wivu alikuwa anatuonea wivu, na wa kwake ulikuwa mkubwa kuliko wetu.

Usifikiri walikumbatiana. Mama akasukuma lile furushi kwa mguu likaingia chini ya kitanda, akasema, "Kaa hapo hapo. Mwiko usiguse." Akamfundisha. Na mama mdogo akamfundisha mama kachumbari, akamletea na ndimu kwenye kanga. Kuanzia hapo mabakuli yakawa yanaenda shikome yamefanana, na mama hakwenda Buchosa mpaka kwenye msiba wa mama yake. Lakini ngoja nikwambie kilichonifurahisha mpaka leo. Mama alimfundisha kuchemsha, akamfundisha kumwaga maji, akamfundisha karanga. Kwamba mgagani unalala na maziwa usiku kucha, hakumfundisha. Alimwambia atie maziwa wakati wa kupakua. Na mama mdogo naye kuna kitu alikificha, maana kachumbari yetu siku zote ilikuwa inaogelea maji, yake imesimama. Walizeeka pamoja wakipakana mafuta migongoni, wakiitana dada, na kila mmoja amemficha mwenzie kitu kimoja. Wakaenda kwa Mungu hawajaambiana.

Sasa mimi naishi mjini, kwa binti yangu. Nikitaka kwetu sikai tena kungoja kivuko siku nzima, siku hizi napitia Busisi, juu ya daraja, maji nayaona chini. Mjukuu wangu Jesca, huyu binti wa binti yangu, amefungua kibanda cha chakula Igoma, karibu na mafundi wa kuchomelea vyuma. Vijana wanakuja na mafuta mikononi, wananawa, wanaomba wali, samaki na saladi. Siyo kachumbari, saladi. Kuna kabichi, karoti, hoho, parachichi, tango la duka lile refu. Wanalipia majani mabichi, na hakuna anayewaita mbuzi. Mtu akibakisha, Jesca anamwaga, anaosha sahani, anaimba na redio. Hakuna mwanamke anayefunga furushi. Hilo ni zuri, nasema kweli, ni zuri sana, sitaki mtoto wangu yeyote asubiri bakuli limwambie kama anapendwa. Ila chakula chetu, kwa namna fulani, kilikuwa cha watu wanaojali. Tulikuwa tunapika kama mtu anayepigana.

Na mimi wivu haujaniisha, usinione nimezeeka. Hiyo saladi Jesca hakufundishwa na mimi. Amefundishwa na bibi yake mwingine, mama wa baba yake, Mjita wa huko Mara, mtu wa ziwani kama mama mdogo na anacheka vilevile. Siku moja nimekaa kibandani nikamwona huyo bibi mwenzangu anakata matango, anayatia chumvi, anayaacha. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Yatoe maji kwanza, mwenzangu, nayamwaga. Kwani ninyi mnafanyaje?" Nikasema na sisi hivyo hivyo. Moyoni nilikuwa nawaka. Utoto wote, ujana wote, nimekula kachumbari ya kuogelea kwa sababu ya chumvi. Wateja wanamwita "bibi saladi", wanampa shikamoo mpaka walioko barabarani. Mimi wananipa shikamoo ya kupita tu.

Jesca aliona. Huyu mtoto anaona vitu. Walipofunga, akaja akakaa karibu yangu, akaniambia, "Bibi, umenuna." Nikasema sijanuna, nimechoka. Akasema, "Umenuna kwa sababu ya matango." Basi nikamwambia yote haya niliyokwambia wewe, na ule mgagani wa mama nikamwambia wote, kuchemsha, kumwaga, maziwa, karanga, sikubakiza kitu. Nikamwambia kwamba huko alikolala mama yangu, leo anageuka upande wa pili. Jesca alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Halafu akanishika mkono, akaacha kucheka, akaniahidi: "Jumatatu naanza kupika mgagani, bibi, na sufuria yake itakaa mbele ya saladi. Wateja wakiniuliza nimefundishwa na nani, nitasema bibi Kabula. Na bibi wa Majita akiniuliza unapikwaje, nitamwambia maziwa unatia wakati wa kupakua."