Walimfukuza kwa Kikohozi Chake, Leo Wanataka Picha Yake

Admin, nifichie jina, na wale wa mji wetu wa Bowie huku Marekani watakaonitambua kwa lugha yangu nawaomba wanisitiri. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mzaliwa wa Mombasa, nimestaafu kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Nina watoto wawili wakubwa. Hawajui kwamba tangu ujana moyo wangu uko kwa wanawake wenzangu. Hilo siliombei ushauri. Nina hasira, na nimekaa nayo tangu miaka ya themanini.

Siku hizo nilikuwa na rafiki aliyekuwa kama ndugu yangu, nimwite Idi, kijana wa Unguja, mpishi wa hoteli mjini D.C. Yeye alipenda wanaume. Kwenye harusi za watu wetu tulijifanya wachumba, lakini Jumapili mchana nilimpitia na gari twende Greenbelt, mji wa jirani, kwenye basement, chumba cha chini ya nyumba, ya mama mmoja Mmarekani, nimwite Linda. Watu kama sisi walikusanyika pale. Tunalala kwenye mikeka, tunafumba macho, Linda anagonga bakuli za shaba na kengele kubwa, akisema sauti huponya, mlio unakuingia mpaka kwenye mifupa. Msinicheke. Ndipo mahali pekee nilipopumua.

Basi Idi akaugua ugonjwa ule uliokuwa ukiwamaliza vijana. Akakonda, kikohozi kikamshika. Jumapili moja, mlio ungali hewani, akakohoa, akakohoa, hakikomi. Linda akaweka chini kigongeo chake.

"Idi, tunakupenda sana, lakini unawatoa wenzako kwenye utulivu. Pumzika nyumbani mpaka upone."

Mpaka upone! Hakuna mle ndani ambaye hakujua kuwa ugonjwa ule hauna kupona. Na wale waliokuwa wakituita familia, hata mmoja hakufumbua macho.

Nikasimama nikawaambia, "Nyie mnakuja kuponywa nini hapa, kama mgonjwa anawakera?"

Linda akaniomba nishushe sauti. Mimi ndiye nishushe sauti!

Idi akanivuta mkono. "Dada, nipe koti langu. Twende zetu."

Sikurudi tena kule. Nikitoka kazini nilipitia kwake, nikagonga sinia la shaba la marehemu mama yangu kwa mwiko, yeye kajilaza kwenye kochi, anakohoa atakavyo. "Huo mlio kama wa bati ndio dawa, rudia," ananiambia, tunacheka mpaka machozi. Alifariki kabla baridi haijaisha. Kwao tulisema ni nimonia.

Sasa juzi Linda kanipigia simu. Wanakikundi wa zamani wanakutana, wageni wataalikwa, na anataka picha ya Idi waiweke mbele. "Alikuwa roho ya kikundi chetu," ananiambia.

Nikamjibu, "Mlimfukuza."

Akasema kwa upole, "Mimi silikumbuki hivyo, mpenzi."

Nilikata simu. Picha ninayo. Nikimnyima, watamsifu bila picha na uongo wao utabaki. Nikienda kusema ukweli mbele ya watu, watarekodi, na wanangu watajua mama yao alikuwa akifanya nini kwenye ile basement. Kulala silali.

Mahubiri nimeyasikia ya kutosha, msinitumie. Ningekuwa mama yenu, mngetaka niende nikaseme, au ninyamaze?