Kasuku wa Hajjat na Kipande cha Avokado

Mwenye nyumba wetu alipokuwa akijiandaa kwenda Hija, alipita mlango kwa mlango akiomba msamaha. Ndiyo desturi ya Waislamu wa Makina, hapa kwetu Kibera: mtu haendi Maka akiwa amemwachia jirani kinyongo. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili. Alianza na cha langoni, akamalizia changu, kilicho mwisho kabisa karibu na mtaro. Sikushangaa kuwa wa mwisho. Mimi na yeye hatukuwa tumesalimiana kwa miezi mitatu.

Mtaro wenyewe ndio uliotukosanisha. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule katika kibanda changu Kawangware, na nyumbani Kibera sileti hata uzi. Siku moja mtaro uliziba, maji machafu yakaingia vyumba viwili, na mama mwenye nyumba akavuta bonge la vitambaa kutoka ndani yake. Akaniita mbele ya wapangaji wote.

"Hapa kuna fundi mwingine?" aliuliza.

Nilimwambia kazi yangu yote hubaki Kawangware. Akasema mtu mchafu hana siku ya kukubali kwamba ni mchafu. Jioni ikajulikana kuwa lilikuwa gauni kuukuu la mtoto wa chumba cha tano, lakini hakuna aliyekuja kuniambia pole. Kwetu Machakos husema hasira zangu ni za pilipili kichaa. Labda. Ninachojua ni kwamba neno lile nililala nalo na kuamka nalo.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni pangu, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, mwingine umebeba kizimba kilichofunikwa leso.

"Fundi, ninasafiri," alisema. "Nilikukosea ile siku ya mtaro. Naomba unisamehe."

Nilikuwa nimejiwekea maneno mengi ya siku kama ile. Kabla sijachagua la kuanza nalo, aliendelea: "Na nina ombi la pili. Wengine humu wana paka, wengine wana watoto wadogo, wengine wanapikia makaa ndani. Wewe unatumia gesi na unaishi peke yako. Niwekee huyu ndege mpaka nirudi."

Nikapokea kizimba, nikainua leso. "Anakula nini, Nyanya?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu langu. Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja chenji, kisha akaanza kunieleza chakula cha ndege.

Alikuwa kasuku mchanga wa miezi mitatu. Si yule mkubwa mwenye mkia mwekundu anayehitaji kibali cha serikali. Huyu ni wa wale wadogo, mwili wa kijivu, mashavu ya rangi ya chungwa, na kishungi kichwani kinachosimama akishtuka. Mwanawe mama yule alikuwa amemletea wiki mbili tu kabla. Maagizo yalikuwa machache: apewe mtama, mboga na matunda, asipewe chumvi wala chai, asipigwe na moshi, afunikwe jua likizama. Na azoezwe mkono sasa, kwani akikua bila kuuzoea atabaki kuwa ndege wa kutazamwa tu.

"Nikirudi nataka anipande kidoleni," alisema. "Usimfukuze kwa mkono, fundi. Msubiri."

Kusubiri. Mimi ninayemkaripia mteja akichelewa kuvaa shati la kujaribu.

Wiki ya kwanza tulikuwa wawili wenye hasira katika chumba kimoja. Niliingiza mkono kizimbani kama mtu anayetoa kiazi sufuriani, naye akafoka kama mafuta yaliyomwagiwa maji na kunidonoa kidole mpaka damu ikatoka. Nikapiga kelele. Akajipigiza kwenye nyaya. Tukatazamana, kila mmoja kwenye kona yake, kishungi chake kimesimama. Nadhani na mimi kama ningekuwa nacho kingesimama.

Siku ya nne ndipo nilipogundua kuwa hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama utepe wa kupimia, ule ninaotembea nao shingoni toka asubuhi hadi jioni mpaka nausahau. Kwake yeye nilikuwa mwanamke anayeingia nyumbani amejivika nyoka. Niliutundika nje ya mlango, nikaketi. Baada ya muda alishuka akala mtama wake mbele yangu. Nilijionea haya kidogo. Fundi anayeanza kukata kabla ya kupima ni fundi gani?

Tangu hapo nilijifunza kuweka kiganja chenye mtama kwenye mlango wa kizimba na kutofanya lolote. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mkono unakufa ganzi, pua inawasha, na ndege anajichokonoa manyoya kama hakuoni. Wiki ya tatu alikula kiganjani. Lakini kupanda alikataa. Nilimgusa kifua kwa kidole, nikasema "panda" kwa sauti niliyodhani ni tamu, naye akarudi nyuma hatua mbili kila mara.

Mchana sikuweza kumwacha. Akiwa peke yake alipiga kelele mpaka majirani wakaja kulalamika. Basi nilinunua kizimba kidogo cha kusafiria, nikawa natembea naye kila asubuhi, tunavuka Ngong Road, yeye chini ya leso, mpaka Kawangware. Kibandani aliipenda cherehani. Nikikanyaga, naye alitikisa kichwa. Mama anayeuza avokado mbele yangu alisema nimepata msaidizi asiyeomba chai.

Siku yenyewe ilikuwa karibu na shule kufunguliwa, sare zimejaa hadi mlangoni. Saa saba yule muuzaji aliniletea nusu ya avokado kwa ajili ya githeri yangu, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Kwetu, mtu akikupa avokado bila kuombwa, amekupenda. Tunaila na githeri, na ugali, na mkate, na pilau siku za sherehe. Nikamtazama kasuku. Mboga na matunda, mwenye nyumba alikuwa amesema. Avokado ni nini kama si tunda? Nikakata kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, laini kabisa, tena nikajisifu moyoni kwa kukumbuka kukikata kabla ya kutia chumvi.

Alikuja moja kwa moja akakitwaa kwenye ncha ya kidole changu. Hakuwahi kusogea karibu namna ile. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga.

Nilikuwa nimemaliza kola mbili na niko kwenye ya tatu nilipoona kuwa cherehani inanguruma na hakuna anayetikisa kichwa. Alikuwa ameshuka chini kabisa ya kizimba. Amejifura kama mpira wa sufu, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi.

Mama wa avokado alichungulia. "Fundi, huyo ndege wako hayuko sawa. Kwetu ndege akikaa chini hivyo, hafiki asubuhi."

Niliacha kitambaa chini ya sindano, nikamwachia kibanda, nikaenda Riruta mbiombio. Kuna duka la dawa za mifugo huko, na kijana anayeliendesha tunafahamiana kwa sababu ya viroboto wa mbwa wa dada yangu.

"Niaje, mathe. Umeniletea kuku?"

"Kasuku."

Akainama akamwangalia. "Amekula nini leo?"

Nilitaka kusema mtama. Ulimi ulikuwa tayari umeanza. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo chenyewe kilikuwa mle ndani ya kizimba kinahema. "Nimempa avokado," nilisema.

Kijana akanyooka. "Mathe, ovakado ni sumu kwa hawa ndege. Inaenda straight kwa moyo. Ulimpa ngapi?"

Nilimwonyesha ncha ya kidole. Akampigia simu daktari wa wanyama anayejua ndege, akaweka spika. Daktari aliuliza ni saa ngapi imepita, ndege ana uzito gani, kisha akamwelekeza kijana amtilie mdomoni, tone kwa tone, mkaa wa dawa uliokorogwa kwa maji. Baada ya hapo ni joto, giza na kimya. Akifika asubuhi, alisema, kuna tumaini.

"Na usimkorogee wa jiko, mathe," kijana aliniambia akinifungia unga mweusi uliobaki. "Huo ni mwingine."

Nilirudi Kibera nimekumbatia kizimba kifuani. Niliogopa, wala sioni aibu kusema. Ndege alikuwa amana. Mwenye amana alikuwa Maka wakati huo, amekwenda kuosha moyo wake, na kabla ya kwenda alikuja mpaka mlangoni pangu akainamisha kichwa. Mimi nilimwuliza habari za mtama. Na sasa ningemwambia nini? Kwamba nimemuua mtoto wake kwa ukarimu? Nani angeamini kwamba si kisasi? Nilimwona akisimama tena mbele ya wapangaji na kuuliza kama humu ndani kuna fundi mwingine.

Nilijaza maji ya moto katika chupa ya soda, nikaizungushia sweta yangu, nikaiweka kando yake. Usiku ule siusimulii. Niliomba kwa Mungu wangu, na kwa kuwa ndege alikuwa wa Mwislamu, nikamwomba Mungu asiangalie hilo.

Kulipopambazuka niliamka nimekaa sakafuni, shingo imekakamaa, mkono wangu umo ndani ya kizimba ulipolalia. Kwanza sikumwona. Kisha nikahisi kucha ndogo. Alikuwa kwenye kidole changu, amekishika kwa miguu yote miwili, manyoya yamelala vizuri, mdomo umefungwa. Sikusema "panda". Nililia bila sauti ili nisimtikise, na mkono ule ungekufa ganzi mpaka leo nisingeuondoa.

Asubuhi hiyohiyo ujumbe wa sauti ukaingia kutoka Maka. "Fundi, mwanangu vipi?" Nikamjibu: "Mzima, Nyanya." Ilikuwa kweli, lakini si yote.

Aliporudi, baada ya wiki mbili nyingine, uwanja wa ploti ulijaa. Wanawake wa Makina walikuja kumpokea, na sisi wapangaji tukaingia mmoja mmoja kumpa mkono na kumwita Hajjat kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda na kung'aa. Nilisubiri zamu yangu na kizimba changu. Kasuku alipanda kidole changu kama aliyezaliwa hapo, akapita hadi kidole chake, watu wakacheka kwa furaha. Ningeweza kuachia hapo. Hakuna aliyejua.

Niliinama karibu na sikio lake. "Hajjat, nilimpa avokado. Sikujua ni sumu. Nusura afe. Naomba unisamehe."

Alimkuna ndege shingoni kwa muda, nami nikasikia kila kikombe kilichowekwa chini uwanjani.

"Mimi nilikwambia matunda, sikukutajia lisilofaa. Mimi mwenyewe sikulijua," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo limekwisha. Lakini wewe, fundi, nilikuomba radhi mlangoni pako ukanijibu kwa mtama. Ploti nzima ilinisamehe isipokuwa wewe. Nimeizunguka Kaaba na wewe moyoni. Nikawa najiuliza, nimekosea wapi? Nikaona."

Akainua sauti ili wote wasikie.

"Sikilizeni. Huyu nilimwita mchafu hapa hapa, mbele yenu. Haukuwa uchafu wake. Nilimtukana hadharani halafu nikaenda kumwomba radhi kwa siri. Sasa namwomba mbele yenu."

Watu wote walinigeukia. Nilikuwa nimelibeba lile neno miezi minne na zaidi, na nilipolitafuta ili nikasirike nalo mara ya mwisho, sikulipata.

"Nimekusamehe, Hajjat," nilisema. "Nisikudanganye, si toka ile siku ya mlangoni. Toka leo."

"Leo inatosha," alisema, akacheka, na mimi nikacheka, na kitu kilichokuwa kimenibana kifuani kama kola iliyokatwa ndogo kikaachia. Akaniwekea tende tatu za Maka kiganjani, kisha akanifumba vidole.

"Hizi ni zako wewe," alisema. "Huyu usimpe."

Nilizitafuna zote tatu palepale mbele yake.