Barabara Waliyonilimia

Kila mtu alinionya, na nadhani ndiyo sababu nililinunua lile gari. Wenzangu wa ofisini pale kiwandani Athi River walinionya. Fundi alinionya. Hata mlinzi wa geti, ambaye hakuwa hata na baiskeli, alilizunguka mara moja akatikisa kichwa: "Madam, hii gari iko chini sana kwa barabara zetu." Mimi niliona ni wivu wao tu. Miaka hiyo ya tisini magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kujaa kila mahali, nami nilitaka kitu ambacho hakijakaliwa na mtu. Langu lilitoka Ulaya, jipya kabisa, dogo, jekundu, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Viti vilikuja vimevishwa nailoni, na miezi mitatu nilikataa kuitoa. Jasho lilinitiririka mgongoni na sikujali.

Halafu raha ikaisha. Nikiwa njiani kwenda Kangundo, jiwe moja tu, jiwe ambalo mbuzi angeliruka bila kuliangalia, lilitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Fundi wa Machakos alilala chini ya gari, akatoka anajifuta mikono polepole, kama daktari anayetafuta maneno. "Ingekuwa zile zingine ningechomelea. Hii inataka sampu yake yenyewe, na hiyo itoke huko kwao." Wiki mbili, alisema. Zikawa miezi miwili. Gari langu jipya likakaa juu ya mawe uani kwake, kuku wakitagia chini yake, nami nikarudi kupanga foleni ya basi na viatu vyangu vya ofisi. Kila Ijumaa nilipita kuuliza.

"Imefika?"

"Iko njiani, madam."

"Njia gani hiyo? Kwani inakuja kwa miguu?"

Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Sasa, hasira yangu haikuwa ya basi. Ilikuwa ya mama. Mama yangu, mwaitu kama tunavyosema kwetu, aliishi juu kwenye vilima vya Kangundo, mahali ambapo barabara ya gari iliishia kwenye kiwanda cha kahawa. Kutoka pale hadi mlangoni kwake kulikuwa na kijia cha kupanda, cha miguu tu. Magoti yake yalikuwa yamemkataa. Mwaka mzima na zaidi hakuwa ametia mguu kanisani. Siku moja majirani walimbeba kwenye kiti hadi zahanati, watoto wakifuata nyuma wakiangalia, na aliporudi akaapa: "Sitabebwa tena. Mara ya pili mtanibeba nikiwa maiti."

Siku ya kwanza nilipoenda na gari nililiacha pale kiwanda cha kahawa nikapanda kilima kwa miguu. Nilimkuta amekaa mlangoni. Hata kabla sijaweka mfuko chini akaniuliza, "Ati umenunua gari. Ni ya rangi gani?"

Nilimwambia nyekundu. Ilinichoma, kumweleza mama yangu rangi ya gari langu kana kwamba tunaongea kwa simu. Kisha akashusha sauti. Nyumba yake haikuwahi kuwa tupu: wajukuu, majirani, kila mara mtu amekuja kuomba chumvi na kukaa saa mbili. "Siku utaileta hapa mlangoni, tutaenda kanisani sisi wawili. Ufunge vioo. Niko na neno la kukuambia."

"Niambie sasa, mwaitu."

"Hii nyumba iko na masikio. Nitakuambia kwa gari."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Alitaka kutoka mlangoni mwake kwa miguu yake mwenyewe, aingie kwenye gari la binti yake, na njiani aniambie neno. Na gari liko juu ya mawe, kuku wanataga.

Mimi nilipokuwa nagombana na fundi, mama aliita mwethya. Hicho ni kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Ukifikiwa na zamu yako unawapikia isyo, mahindi na maharagwe, nao wanakuja na majembe na nyimbo. Zamu yake ilipofika hakuomba walime shamba. Aliomba barabara. Kila Jumanne na Alhamisi, miezi ile miwili, walikichimba kile kijia kuanzia kiwandani hadi mlangoni, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti nzito ya kuamrisha ng'ombe. Miezi ile sikwenda nyumbani, kwa hiyo sikujua lolote. Wiki ileile sampu ilipofika, nikapata ujumbe kutoka nyumbani: barabara iko tayari, kuja Jumapili.

Nilifika mapema. Wanawake walikuwa wamejipanga kando, nguo za kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, wakingoja kuona gari likipita. Na haki ya Mungu, barabara ilikuwa nzuri: pana, kingo zimenyooka, mawe yote yametolewa. Nilipiga honi, wakapiga vigelegele. Nikakanyaga mafuta, nikapanda hatua ishirini, nikakata kona, halafu nikasikia tumbo la gari likikaa chini. Krrrrr. Magurudumu ya mbele yakabaki yananing'inia.

Nilishuka kuangalia. Asi! Kukatiza barabara nzima palikuwa na tuta la udongo linalofika magotini, limeshindiliwa vizuri, nyasi za nepia zimepandwa juu yake, na mtaro wake kando. Juu yake lingine. Juu yake lingine. Nilihesabu kumi na moja.

Wanawake hawa walikuwa wamechimba matuta ya kuzuia maji maisha yao yote. Mama zao walichimba, wao walichimba. Kuacha mteremko mtupu bila tuta hakukuwahi kuwaingia akilini. Leo naliona hilo. Siku ile sikuliona.

"Nani aliwaambia barabara ni shamba?" Nilipiga kelele. "Mnalima barabara? Gari litapita wapi, litaruka?"

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Na mvua ikikuja? Hii yote itashuka mpaka mtoni."

"Mvua nitajua mwenyewe! Toeni hayo matuta. Afadhali hata mngekaa nyumbani!"

Nilisema hivyo. Kwa watu waliolima miezi miwili kwa sahani ya isyo. Kisha mwenyekiti akaangalia juu, kule mama alikokuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mkoba mapajani, amevaa koti lake la kanisa kwenye jua lile. Akavua kitambaa chake cheupe, akakikunja, akatuma watu wakalete majembe. Waliyabomoa matuta yote kumi na moja wakiwa na nguo za Jumapili, na safari hii hakuna aliyeimba.

Gari lilifika mlangoni. Mama alisimama peke yake, akapapasa boneti, akasema, "Kumbe ni nyekundu kweli." Akaingia. Nikafunga vioo.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Kulikuwa na mlio mpya chini ya gari, kama kijiko kinachogonga sufuria. Nilijua ni sampu. Nilijua nimeitoboa tena, na miezi miwili mingine inanisubiri, na yule fundi na kicheko chake. Kilima kizima niliteremka nikiangalia mawe kwa macho na kusikiliza ule mlio kwa masikio, mikono imekaza usukani. Mama alikuwa anaongea. Aliongea kuanzia mlangoni hadi kiwandani, na kutoka kiwandani hadi kanisani, sauti ya chini, taratibu, mtu aliyepanga maneno yake mwaka mzima. Mara moja alinigusa mkono akauliza jambo, nami nikajibu, "Ndio, mwaitu." Akauliza tena. "Ndio, mwaitu, ndio." Akashusha pumzi akanyamaza.

Tulifika watu wakiimba wimbo wa mwisho. Hakujali. Alisimama mlangoni mwa kanisa akasalimiwa na kila mtu, na alicheka siku ile kuliko nilivyomwona akicheka miaka mingi. Wakati wa kurudi, wazee wawili wa kanisa walipanda nyuma na Biblia zao, wakaongea wao. Waliposhuka, niliinama nikaangalia chini ya gari. Sampu ilikuwa nzima. Ulikuwa waya unaoshikilia ekzosi, bomba la moshi, umelegea tu.

Mvua ya Novemba ikaja. Usiulize. Barabara yote iliteremka mpaka mtoni, kama nilivyoambiwa, ikabaki korongo la mawe matupu, na mistari miwili ya kahawa ya mama ikaenda nayo. Mwethya walirudi. Hawakunisema, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Walirudisha matuta yao, wakapanda nepia, na mama akapanda viazi vitamu mahali nilipopitisha gari. Mwaka uliofuata nikaliuza kwa mtu anayekaa kando ya lami. Mama hakupanda gari tena.

Aliishi miaka minne baada ya hapo. Mara nyingi, watu wakiwa wengi nyumbani, alinitazama akasema, "Kama nilivyokuambia siku ile kwa gari." Nami nikaitikia. Ningemuuliza vipi? Mwanzoni niliona haya, nikijiambia nitamuuliza mwezi ujao. Baadaye nikajaribu kuzunguka. "Lile la shamba, mwaitu?" Akacheka. "Shamba? Wacha mchezo, wewe unajua." Nikajaribu tena: lile la ndugu zangu? Lile la baba? Akanitazama vibaya kidogo, nikaacha. Niliogopa kumwambia kwamba alingoja mwaka mzima, akalimiwa barabara nzima, kumbe mimi nilikuwa nasikiliza waya.

Siku zake za mwisho chumba kilikuwa kimejaa watu kama kawaida. Alinivuta mkono nikainama. "Ile ulikubali," akasema. "Sina wasiwasi tena, kwa sababu ulikubali."

"Ndio, mwaitu."

Akaniachia mkono, akalala usingizi mzuri. Wiki ileile tulimbeba mabegani, kupita kwenye matuta, hadi kiwandani ambako gari la kumpeleka kanisani lilikuwa linangoja. Mwenyekiti wa mwethya alinishika kiwiko kila tulipofika kwenye tuta ili nisijikwae.

Miaka imepita. Kila jambo ninalofanya kwa ajili ya watu wa nyumbani, najiuliza kama ni lile. Mpaka leo sijui nilimwahidi mama yangu nini.