Jini wa Thuwaiba

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Wadi Kabir, Omani, majini walikuwa na heshima kuliko wasichana. Ukimwaga maji ya moto chooni wakati wa Magharibi bila ya bismillahi, umeshaunguza watoto wao, nao watalipiza. Bibi ndivyo alivyotufunza, na bibi, mzaliwa wa Unguja, hakuwa mtu wa kubishiwa.

Basi tumbo la Thuwaiba lilipoanza kuonekana, jibu lilikuwa tayari: kamwaga maji. Thuwaiba, binti wa khalati yangu, dada wa mama, alikuwa na miaka kumi na sita, wa kwanza darasani, na akiishi kwetu tangu mama yake afariki. Wanawake wa nyumba ile wote walishazaa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kile kichefuchefu cha asubuhi ni cha nini. Lakini mimba ina baba, na baba ana jina. Jini hana ukoo wa kuuaibisha. Khalas, akapewa jini.

Akaitwa Mwalimu Nasoro, mganga wa majini. Thuwaiba alikalishwa sebuleni, kafunikwa shuka, kanyweshwa kombe, yale maji yanayooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Kaka yangu Hilali, msomi wetu wa chuo kikuu, mchumba wa binti wa watu wakubwa, ndiye aliyeshika chetezo cha ubani.

"Ewe uliyemo humu," Mwalimu akasema, "nani wewe?"

"Mimi Thuwaiba."

"Mwongo! Sikuulizi yeye, nakuuliza wewe."

"Mwalimu, mimi nna mimba. Ya Hilali. Muulizeni, si huyo hapo!"

Mama akacheka. Wallahi, alicheka. "Mnamsikia jini alivyo mjuvi? Keshajichagulia na bwana!"

"Majini waongo," bibi akasema kwa upole. "Muongezeeni kombe."

Ndiyo ada yetu: akishasemwa mtu kapandwa, lolote litokalo kinywani mwake si lake tena. Akilia, jini analia. Akisema kweli, jini anasingizia. Wakili gani angetunga utetezi mzuri kama huo?

Thuwaiba akaivua shuka. "Hilali, sema. Sema basi, ndugu yangu."

Hilali akamsogezea ubani usoni.

Wangeliweza kuwaozesha. Binamu kuoana kwetu si aib, ni desturi. Lakini yatima angeleta nini mbele ya zile nasaba za mchumba? Skuli wakaambiwa mtoto mgonjwa, akapelekwa Unguja akapungwe. Arusi ya Hilali ilifanyika kabla Thuwaiba hajajifungua. Leo Thuwaiba yuko huko huko anashona nguo za watu, na mwanawe mtaani wanamwita mwana wa jini.

Mimi nna digirii yangu na niko nyumbani naikodolea macho simu, nangoja kuitwa kazini. Juzi mama kaanza tena: "Mwanangu, si umwone kaka yako? Mudiri mzima, mkubwa wa idara, ofisi yake Maskati ndani, neno lake moja tu!"

Nikamwambia siitaki kazi yake. Nilikuwa na miaka tisa nilipomsikia Thuwaiba, nikamsadiki, na sijapata sababu ya kuacha. Nikamwambia pia kijana wa Thuwaiba ana uso wa Hilali mtupu, na kwamba hata yeye mama anajua.

Mama hakukasirika. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akaanza kunisomea aya za kutoa jini.