Nilimpisha Mama Mkwe Mlangoni, Akafukuzwa Tabu

Admin, naomba ufiche jina langu maana watoto wangu wako humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 58, Msukuma, naishi Pasiansi hapa Mwanza na mke wangu pamoja na mama yake mzazi, ambaye sasa ni mzee sana. Nimechoka, ndugu zangu. Kuna jambo nimelibeba tangu ujana na sasa limenishinda.

Miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa, nilipata kazi ya ulinzi kwenye duka moja katikati ya mji. Nyie vijana hamuwezi kuelewa. Sisi tulizoea duka lenye wavu: unasimama nje, unataja kitu, unapewa kama kipo. Hili lilikuwa la kuingia ndani, unajichukulia mwenyewe rafuni, halafu unapita kwa keshia kulipa. Wengine walikuja kushangaa tu. Wizi nao ukaja, sabuni kwenye soksi, mafuta ya kujipaka chini ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Tajiri, yaani mwenye duka, akafunga kioo kikubwa cha mviringo kwenye kona na kuweka sheria. Kila mfuko na kila kapu linaachwa kwangu mlangoni, mteja anapewa kibao chenye namba. Wakati wa kutoka, wanaume nawapapasa mimi, wanawake wanaingia nyuma ya pazia kukaguliwa na dada mmoja, nimwite Tabu. Alikuwa mtu wa utani sana. Aliniambia, "Kaka, sisi tukifika mbinguni tutamkagua hata malaika wa getini."

Mwaka huo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, maziwa hayakumtosha. Mama mkwe akaja kutoka kijijini kumsaidia. Asubuhi moja nikamwona anaingia dukani na kapu lake. Wasukuma wenzangu mnajua: mama mkwe humpi mkono, humtazami usoni, mkikutana njiani wewe ndiye unayempisha. Sasa lile kapu ningelitoaje mkononi mwake? Niliinamisha kichwa, nikasogea. Baada ya muda akarudi kwa mlango ule ule wa kuingilia. Hakupita kwa keshia wala kwa Tabu. Kapuni kulikuwa na makopo matatu ya maziwa ya unga, yako juu kabisa, hajafunika hata kwa kanga. Nikasogea tena.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaniambia, "Mama anakushukuru kwa maziwa. Anasema ulimwona, ukampisha achukue." Hapo nikaelewa. Mama wa watu hajawahi kuona duka la namna ile. Aliona watu wanajichukulia, akaona mkwewe ndiye kasimama mlangoni, na kwa kuwa hatuongei uso kwa uso, akachukulia kumpisha kwangu kuwa ndiyo ruhusa. Hakuiba yule mama. Nikapanga asubuhi nimweleze tajiri anikate kwenye mshahara, yaishe.

Asubuhi nilimkuta tajiri tayari amesimama mbele ya rafu. "Makopo matatu," akasema. "Jana nani alitoka bila kukaguliwa?"

Nikafikiria kazi, nikamfikiria mtoto mchanga, nikajibu, "Wanawake wote walipita kwa Tabu."

Tabu akasema, "Na mimi niliwakagua wote, tajiri."

"Basi ni wewe," tajiri akamwambia.

Alifukuzwa pale pale mbele ya wateja, na kuna mtu akasema siku za mwizi ni arobaini. Hakuna duka lililomchukua tena. Ndugu wa mume walimsema mpaka mume akamrudisha kwao na watoto. Mimi niliendelea na kazi, na maziwa yale mwanangu aliyanywa yote. Nilijiambia kesho nitasema, na kesho ikawa miaka.

Sasa miezi miwili iliyopita nilikutana na Tabu msibani Butimba. Amezeeka kuliko umri wake. Akanivuta pembeni. Binti yake wa mwisho amepata kazi ya ukeshia kwenye supamaketi, na shangazi yake akamwambia, "Angalia usirithi mikono ya mama yako." Binti akarudi nyumbani kumuuliza mama yake kama ni kweli.

"Kaka, sitaki fidia," Tabu akaniambia. "Njoo Jumapili moja uwaambie wanangu kwamba sikuiba. Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni."

Nikamwambia najua hakuiba. Akanitazama. "Umejua lini?"

Nikasema, "Juzi juzi tu, nimesikia kwa watu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia, akanishukuru. Naona aibu hata kuandika.

Tangu siku hiyo nimekwepa Jumapili kadhaa, mara malaria, mara msiba. Nilikuwa najiambia namlinda mama mkwe. Mpaka leo akija mgeni humsimulia jinsi mkwewe alivyowapa maziwa siku za shida, na nikimwambia leo kuwa yale makopo hayakulipiwa, naogopa hatakula tena chakula cha nyumba hii. Lakini tuseme ukweli. Naweza kwenda kwa Tabu na kusema alikuwa bibi mmoja mgeni wa mji, nisimtaje, na nisiseme uongo. Jina la mama mkwe linafichika vizuri tu. La kwangu ndilo halifichiki.

Jumapili hii Tabu ameshanunua samaki, sato wazuri. Watoto wake wote watakuwepo, na amewaambia anakuja mtu mwema aliyefanya naye kazi zamani. Nishaurini, ndugu zangu, msinionee huruma. Yule binti akiniuliza nimejua lini, nimjibu nini?